Mto Haukatwi Vipande

Kuna neno moja lisemwalo mara nyingi juu ya watu wa Delta ya Rufiji. Husemwa ofisini, husemwa mikutanoni, hata watoto wa shule wamelishika kama washikavyo hesabu ya mbili na mbili. Neno lenyewe ni hili: "Watu wa delta ni waharibifu wa mikoko." Tumeandika makala hii ili kulipinga. Hatusemi kwamba ni uongo mtupu. Nusu ya kweli imo ndani yake, na nusu ya kweli ni ya hatari kupita uongo, kwa sababu aisemaye aweza kukuonyesha kisiki. Twalipinga kwa kuwa ni neno la elimu moja tu, nalo limefanywa amri juu ya mahali ambapo elimu moja haitoshi.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali, yafaa tueleze kwanza mahali penyewe. Mto Rufiji hukusanya maji ya Ruaha Mkuu, ya Kilombero na ya Luwegu. Nchi yote imwagayo maji yake humo ni karibu kilometa za mraba 177,000, yaani kama sehemu moja katika tano za Tanzania Bara. Ukaribiapo bahari, mkabala wa kisiwa cha Mafia, mto hugawanyika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko ulio mkubwa kupita yote ya Afrika Mashariki, hekta 53,000 hivi, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Sehemu kubwa ya delta sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji miaka ya karibuni. Huko ndiko viliko vijiji vya Salale, Nyamisati, Maparoni, Kiongoroni, Msala, Mbuchi na vinginevyo.

Watu wa huko, Wandengereko, Wanyagatwa na jamaa zao, hawasemi "mikoko" na kunyamaza, kama tufanyavyo sisi wa nchi kavu. Wao hutenga mkoko na mchu, mkandaa na mkomafi na msikundazi, na kila mti wanaujua kazi yake: huu ni wa boriti, huu ni wa chombo, huu ni wa kuni. Palipo na maji ya chumvi huvua kamba, samaki na kaa. Palipo na maji matamu hufyeka na kupanda mpunga, hujenga dungu juu ya nguzo, hukaa humo msimu mzima wakiwafukuza ndege na nguruwe. Maisha yao yamefungwa na vitu vitatu: mti, maji ya mto, na maji ya bahari. Ukikigusa kimoja umevigusa vyote vitatu.

Lakini tazama jinsi serikali na mabingwa wake walivyojipanga. Mti una wizara yake na wakala wake. Maji yana wizara nyingine, na bodi ya bonde la Rufiji ofisi yake iko Iringa, mbali sana na mdomo wa mto. Umeme utokao katika maji hayo hayo una wizara ya tatu. Kamba na samaki wana wizara ya nne, na ardhi ina wizara ya tano. Bwana miti huja na sheria yake, bwana samaki huja na yake, bwana shamba na yake. Kila mmoja hushika kipande chake cha mto na kukiita mto. Anayeushika mto mzima ni mwanakijiji peke yake, naye ndiye asiyeulizwa.

Tuanze na bingwa wa miti, maana ndiye aliyetangulia. Majahazi ya Arabuni na Uajemi yalikuwa yakija pwani hii kuchukua boriti zamani sana kabla ya dola yoyote ya Ulaya. Mwaka 1898 Wadachi waliiweka mikoko ya Rufiji chini ya amri yao, wakajipatia fedha kwa boriti na kwa magome ya kutengenezea ngozi. Waingereza walipokuja wakaitangaza mikoko kuwa hifadhi ya serikali, mwishoni mwa miaka ya 1920, na serikali huru ikairithi hifadhi hiyo pamoja na mipaka yake. Thaddeus Sunseri, mwanahistoria aliyechungua habari za misitu ya nchi hii, ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2009 kwamba amri za misitu zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachoma watu kabla ya Vita vya Maji Maji vya 1905, vita vilivyoanzia katika milima ya Matumbi, kusini tu ya Rufiji. Sisi waalimu twafundisha darasani habari ya pamba, ya kodi na ya kazi ya shuruti. Habari ya miti twaipita kimya. Maana ya historia hiyo ni wazi. Kwa zaidi ya miaka mia, hifadhi imekaa juu ya vijiji, na mtoto azaliwaye ndani ya mipaka yake huhesabiwa mvamizi kabla hajajua kutembea.

Hatusemi kwamba mabingwa wote wa miti walikuwa vipofu. Mwaka 1991 marehemu Adelaida Semesi, mwanamke wa elimu kubwa katika mimea, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliutoa mpango wa kutunza mikoko ya Tanzania Bara. Aliigawa katika kanda: nyingine ihifadhiwe kabisa, nyingine ivunwe kwa kipimo, nyingine ipumzishwe mpaka ipone, na nyingine iachwe kwa maendeleo. Mpango huo ulikuwa wa busara, kwa sababu ulikubali kwamba mti na mtu wakaa pamoja. Ila kanda huchorwa juu ya karatasi, na mto hausomi karatasi.

Hapo ndipo tufikapo kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2011 maofisa wa misitu walitaka wakulima wa mpunga wa kaskazini ya delta watoke katika hifadhi, na habari zilizochapishwa zilisema kwamba madungu yalichomwa moto na minazi ikakatwa. Mwaka uliofuata mabingwa wawili wa jiografia, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett, waliandika kwamba ulinzi huo mkali ulikuwa umepata nguvu mpya kutokana na mipango ya kuuza hewa ukaa ya misitu, mipango ambayo Norway iliahidi kuisaidia Tanzania kwa kroner milioni 500 tangu mwaka 2008. Mwaka 2013 mabingwa wengine wakawajibu kwamba lawama hiyo imepotoka, na kwamba wakulima waliondolewa kwa sheria ya misitu ya zamani. Wasomi wakabishana kwa Kiingereza katika majarida ambayo mkulima wa Kiongoroni hatayaona maisha yake yote. Nasi twauliza: kwa mtu ambaye dungu lake limekuwa majivu, yako wapi maendeleo ikiwa moto umewashwa na sheria ya zamani wala si na fedha mpya? Jibu hilo lawasafisha wenye fedha, lakini sheria halikuisafisha.

Katika mabishano hayo yote, swali moja lilistahili kutangulia mengine: kwa nini wakulima wa mpunga wamekuwa wengi upande wa kaskazini? Bingwa wa miti huhesabu visiki na kumtafuta mwenye shoka. Jibu lakini analo bingwa wa maji. Katika miaka ya 1970 maji mengi ya Rufiji yaliiacha mikono ya kusini yakaifuata mikono ya kaskazini. Kusini chumvi ikapanda na mashamba ya mpunga yakaharibika. Kaskazini maji matamu yakaingia mahali palipokuwa pa chumvi. Mkulima akayafuata maji matamu. Basi aitazamaye miti peke yake amwona mwizi. Aitazamaye miti pamoja na maji amwona mtu aliyefukuzwa na chumvi, akaja kufukuzwa tena na amri.

Wala hatutaficha upande wa pili. Picha zilizopigwa kutoka angani zaonyesha kwamba mikoko ya kaskazini imepungua, na mashamba ya mpunga ni sababu kubwa. Shamba la mikokoni huchoka baada ya miaka michache. Magugu na kaa huishinda mbegu, naye mkulima husogea mbele na shoka lake. Pengine mikoko hurudi yenyewe, pengine magugu huikaba isirudi. Kujua ni wapi itarudi ni kazi ya bingwa wa miti. Kujua kwa nini mkulima asogea ni kazi ya bingwa wa udongo na maji. Kujua ni nani mwenye haki ya shamba lililoachwa ni kazi ya wazee wa kijiji na mwanasheria. Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.

Mfano wa pili ni wa mafuriko. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliona huruma, ikawahamisha watu wa bonde la Rufiji kwenda nchi ya juu, na kazi hiyo ikaitwa Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na usalama. Lakini aliyepanga alikuwa na elimu moja tu, elimu ya kuyaogopa maji. Mkulima wa Rufiji huyaogopa maji na huyangoja pia. Maji yakishuka huacha tope jipya, na juu ya tope hilo hupandwa mazao ya mlau bila mbolea na bila mvua. Maji hayo hayo huyajaza maziwa ya bondeni kama Zumbi, Ruwe na Utunge, na kuyatia samaki. Nchi ya juu ilikuwa ya mchanga na kavu. Kwa hiyo watu walipewa nyumba mahali pamoja na shamba likabaki mahali pengine, wakawa watu wa njiani. Kjell Havnevik aliyaeleza mambo hayo kwa urefu katika kitabu chake cha 1993 juu ya maendeleo yaletwayo kutoka juu. Na mwaka 2007 Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck, mmoja bingwa wa jiografia na mmoja wa viumbe, walipouliza katika makala yao kama mafuriko ya Rufiji ni balaa au ni baraka, waliuliza swali ambalo bibi yeyote wa Rufiji angewajibu kabla hawajaketi.

Mfano wa tatu twautoa kwa furaha, maana waonyesha kwamba tulisemalo si ndoto. Mwaka 1997 serikali iliikubalia kampuni iitwayo African Fishing Company kufuga kamba katika delta, mradi uliotaka mabwawa ya hekta 10,000 hivi. Baraza la mazingira la taifa, NEMC, lilikuwa limeshauri mradi ukataliwe, shauri halikufuatwa. Ndipo elimu zikakutana. Wanasheria wa mazingira walileta sheria, waandishi wa habari walileta kalamu, mabingwa wa bahari walileta hoja za mazalio ya kamba, na wanakijiji walileta kitu kilichozipita zote, nacho ni ujuzi wa mahali na ujasiri wa kwenda Mahakama Kuu. Mabwawa hayo hayakujengwa hata leo. Hapo mwanakijiji alihesabiwa kuwa mlinzi wa mikoko. Twauliza basi: mtu yule yule aliyeilinda mikoko mbele ya mahakama alipataje kuwa adui wa mikoko baada ya miaka 14?

Sasa tusemeni juu ya bwawa, maana hapo ndipo penye hatari ya leo. Wazo la kuuzuia Rufiji penye korongo la Stiegler ni la zamani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa yake juu ya bonde hili mwaka 1961. Mwaka 1975 ikaundwa mamlaka ya kuliendeleza, RUBADA, ambayo siku hizi haipo tena. Mwaka 2019 jiwe la msingi liliwekwa, mwezi wa Desemba 2022 bwawa likaanza kujazwa, na mwaka 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme. Mitambo yote ni 9, na nguvu yake ni megawati 2,115. Hatuupingi umeme. Shule zetu zautaka, zahanati zetu zautaka, na mtu asomaye kwa kibatari hana haki ya kumcheka atakaye taa.

Lakini elimu ya mitambo nayo ni elimu moja. Elimu ya mito yafundisha kwamba bwawa kubwa huzuia tope pamoja na maji, na delta isiyopata tope huanza kuliwa na bahari. Misri waliona hivyo baada ya bwawa la Aswan. Delta ya Nile ikamomonyoka, na dagaa wa baharini waliokuwa wakivuliwa mbele yake wakapungua sana baada ya 1965. Msumbiji, mto Zambezi ulipofungwa penye Cahora Bassa mwaka 1974, mabingwa walikuja kuona kwamba kamba wa Sofala hufuata wingi wa maji ya mto. Rufiji haina damu tofauti na mito hiyo. Maji matamu yakipungua wakati wa mpunga, chumvi itapanda tena na mkulima atahama tena, naye bwana miti atahesabu visiki vipya na kumlaumu mtu kwa kosa la mlango wa bwawa.

Na maji yakizidi je? Miezi ya Machi na Aprili ya 2024 mafuriko makubwa yaliingia Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba yakazama. Wengi walililaumu bwawa. Serikali ilijibu kwamba mvua ndiyo iliyozidi, na kwamba bwawa lilipunguza ukali wa maji. Kama hesabu ya maji yaingiayo bwawani na ya maji yaachiwayo ingebandikwa kila siku kwenye ofisi ya kila kijiji, mabishano hayo yangekwisha kwa kusoma.

Kuna watakaosema: "Ninyi mwataka nchi ikae gizani ili watu wachache wapate tope." Sivyo. Mlango wa bwawa hufungwa, na hufunguliwa pia. Huko Mauritania, katika delta ya mto Senegal, mbuga ya Diawling ilipewa mafuriko ya makusudi tangu miaka ya 1990 kwa kufungua milango ya maji kwa majira yake. Samaki walirudi, na nyasi za kufumia mikeka zikarudi mikononi mwa wanawake. Sheria yetu wenyewe ya rasilimali za maji, ya mwaka 2009, yaagiza kwamba itengwe akiba ya maji kwa mahitaji ya watu na ya uhai wa mto. Kwa hiyo hatuombi fadhili. Twaomba sheria itimizwe.

Wengine watasema: "Elimu nyingi huleta maneno mengi, na kazi huchelewa." Nasi twajibu kwamba kazi ya elimu moja imechelewa tangu 1898. Wengine watasema kwamba wanakijiji hawana elimu. Hao twawaomba wampeleke bingwa yeyote Msala wakati wa maji kujaa, wampe mtumbwi na upondo, halafu watuambie ni nani mwanafunzi.

Tena kuna jambo jipya linalokuja kwa miguu ya paka. Bei ya hewa ukaa imewavutia wengi. Mwaka 2022 serikali ilitunga kanuni za biashara hiyo, na mwaka 2023 Wakala wa Huduma za Misitu ulitia saini makubaliano na kampuni ya Blue Carbon ya Dubai juu ya hekta milioni 8 hivi za misitu ya hifadhi nchini. Mikoko huficha hewa ukaa nyingi katika matope yake, kwa hiyo delta haitasahauliwa na wafanyabiashara. Mti ulipokuwa na bei ya boriti tu, mkulima alisumbuliwa. Ukiwa na bei ya fedha za kigeni, asipokuwa na hati ya ardhi yake atasumbuliwa zaidi.

Basi tunayoyataka ni haya. Kwanza, mtu yeyote asiondolewe katika delta kabla ardhi ya kijiji chake haijapimwa na kuandikwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mipaka ya hifadhi na itazamwe upya mbele ya wazee. Pili, wenye bwawa na wenye bonde wakae kila mwaka na wawakilishi wa vijiji vya Rufiji na Kibiti, wapange majira ya kuachia maji, na ratiba itangazwe kabla ya kupanda. Tatu, pasiwe na mpango wa miti, wa kamba wala wa hewa ukaa utakaoidhinishwa kwa ushauri wa elimu moja; bwana miti, bwana samaki, bingwa wa maji, mwanahistoria na mkulima watie saini karatasi moja. Nne, kila achunguzaye delta arudishe majibu yake kwa Kiswahili katika kijiji alichokichungua. Watu wamehojiwa tangu enzi za wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa miaka ya 1970, na majibu yao yamelala katika maktaba za mbali.

Katika jambo hili sisi waalimu tuna kazi yetu pia, isiyongoja wizara. Kila shule iliyo karibu na mto yaweza kusimamisha mti wenye alama za futi, na watoto waandike kila asubuhi kimo cha maji na ladha yake, ni matamu au ya chumvi. Baada ya miaka kumi kijiji kitakuwa na kitabu chake mwenyewe, nacho kitakuwa na nguvu mbele ya afisa yeyote kuliko kelele za mkutano mzima. Vifaa vyake ni mti, kalamu na daftari. Shule yoyote ya delta iliyokwisha kuanza kazi hiyo na iandike habari zake katika gazeti hili, ili nyingine zifuate. Na msomaji mwenye hoja ya kutupinga naye aandike, maana tukikataa elimu moja kwa wengine, hatuwezi kuidai kwa nafsi zetu.